Askofu Steere: Msikilizaji aliyeziweka hadithi za Unguja kitabuni

KILA siku wageni kutoka pande mbalimbali za dunia huingia katika Kanisa Kuu la Kristo lililopo Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuona mahali palipokuwa soko la watumwa. Huonyeshwa altare iliyojengwa pale ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa viboko. Huonyeshwa pia nguzo zinazosimuliwa kuwa mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu siku ambayo msimamizi wao hakuwapo.

Msimamizi huyo amezikwa humo humo ndani, nyuma ya altare. Jina lake ni Edward Steere, askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, aliyefariki dunia mjini Unguja mwezi Agosti mwaka 1882.

Wengi humkumbuka kwa kanisa hilo. Wakristo humkumbuka kwa kutafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili, na wanafunzi wa lugha kwa kitabu chake cha sarufi. Wanaokumbuka kuwa ni yeye aliyeandika na kupiga chapa kisa cha kima na papa, kisa cha punda wa dobi na kile cha mwalimu Goso aliyeuawa na buyu ni wachache zaidi.

Visa hivyo vimechekesha na kufunza watoto wa Afrika Mashariki kwa vizazi kadhaa. Vimesomwa darasani na kusimuliwa tena nyumbani, na hata watu wasiowahi kulisikia jina la Steere wanavijua. Hata hivyo, Steere hakutunga hata kimoja. Aliketi, akasikiliza, akaandika.

Wakili aliyeacha sheria

Edward Steere alizaliwa mjini London, Uingereza, mwezi Mei mwaka 1828. Alisoma Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya kwanza mwaka 1847, kisha akajikita katika sheria na kufikia udaktari wa fani hiyo mwaka 1850. Mwaka huohuo alikubaliwa kuwa wakili.

Kazi ya uwakili haikumkaa moyoni. Alivutwa zaidi na shughuli za kanisa na huduma kwa maskini, na katika miaka hiyo ya ujana alijifunza pia ufundi wa kupiga chapa. Ulikuwa kama mchezo wa kujipumbaza tu, lakini ndio uliokuja kumfaa kuliko shahada zake zote alipofika Unguja.

Mwaka 1856 alipewa ushemasi na mwaka 1858 akawa padri. Alihudumu Skegness, pwani ya mashariki ya Uingereza, ambako watu walimpenda kwa kuwa hakuogopa kukunja mikono ya shati na kufanya kazi. Mwaka 1862 alikabidhiwa parokia ya Little Steeping, kijiji kidogo cha wakulima katika jimbo la Lincolnshire.

Huko ndiko alikofuatwa na rafiki yake William Tozer, ambaye mwaka 1863 alikuwa amefanywa askofu wa misheni iliyoanzishwa kutokana na mwito wa David Livingstone. Steere alikubali kumsindikiza kwa muda mfupi tu, akidhani angerudi parokiani kwake baada ya mwaka mmoja au miwili.

Walianzia bonde la mto Zambezi. Misheni hiyo ilikuwa tayari imempoteza Askofu Charles Mackenzie, aliyefariki kwa homa mwaka 1862, na wenzake kadhaa. Tozer aliona kuwa kuendelea kukaa huko ni kuzika watu bure. Mwaka 1864 wakaamua kuhamia Unguja, mji wa bandari uliokuwa kitovu cha biashara na safari zote za kuingia bara.

Watoto watano na lugha moja

Zanzibar waliyoikuta ilikuwa chini ya Sultani Majid bin Said. Soko la watumwa lilikuwa wazi, na majahazi yaliyojaa watu yalikuja kutoka Kilwa na kwingineko kusini. Yaliyoendelea na safari kwenda Pemba na Uarabuni yaliipita Rasi ya Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa, yakisukumwa na upepo wa kusi.

Muda mfupi baada ya kufika, Sultani aliwakabidhi wamisionari hao wavulana watano waliokamatwa katika jahazi moja la watumwa. Ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa shule ya misheni. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kupewa ushemasi mwaka 1879.

Watoto hao walikuwa wametekwa bara, mbali na pwani, kila mmoja na asili yake. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, wao kwa wao na wao na walimu wao. Steere, aliyekuwa na umri wa miaka 36, alilazimika kuwa mwanafunzi pamoja nao.

Kazi ya kuandika sarufi ya Kiswahili ilikuwa imeshaanzwa na Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyeishi Mombasa, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1850. Krapf aliandika kwa kufuata lahaja ya Mombasa, yaani Kimvita. Steere aligundua upesi kuwa Kiunguja kilikuwa na njia zake, na kwamba isingetosha kukisoma katika kitabu cha mtu mwingine.

Akaanza kuuliza watu. Miongoni mwa waliomsaidia ni Sheikh Abdulaziz, mmoja wa wanazuoni walioheshimika sana mjini, aliyejitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwenda katika Kiswahili kilicho bora kabisa.

Msaada huo ulimfunza Steere jambo ambalo huenda mwenyewe hakulitarajia. Kiswahili cha Sheikh kilikuwa cha hali ya juu, kimesheheni elimu na maneno ya kitabuni. Mtu wa kawaida wa sokoni au shambani asingekifuata. Steere alimshukuru Sheikh kwa wema wake, lakini akatambua kuwa lugha anayoitafuta ipo mahali pengine.

Alikoipata ni barazani, jikoni na katika masimulizi ya jioni.

Hadithi zageuka darasa

Kwa mgeni anayejifunza lugha, maswali ya sarufi hufika ukomo haraka. Ukimwuliza mtu namna ya kusema jambo fulani, atakujibu kwa kukurahisishia, au atakuiga kosa lako kwa heshima. Mtu huyohuyo akianza kusimulia kisa humsahau mgeni, na lugha hutiririka yenyewe.

Steere aliandika visa kama vilivyotoka midomoni mwa wasimulizi. Miongoni mwao alikuwamo kijana mwenye akili nyepesi aliyeitwa Hamisi wa Kayi, ambaye Steere alimsifu kwa uwezo wake wa kuelewa kile hasa ambacho mgeni alitaka kujua. Walikuwamo pia watu wengine wa mjini, wa daraja mbalimbali, na kila mmoja alikuwa na mtindo wake.

Baadhi ya hadithi alizipiga chapa hapohapo Unguja katika mtambo mdogo wa misheni. Ujuzi aliojifunza London kwa kujifurahisha ukawa shule: vijana waliokombolewa walijifunza kupanga herufi na kupiga chapa, na karatasi zilizotoka mtamboni zikawa vitabu vya kusomea.

Mwaka 1868 Steere alirejea Uingereza. Miaka miwili baadaye, mwaka 1870, alitoa jijini London vitabu viwili kwa mkupuo. Cha kwanza kilikuwa mwongozo wa lugha ya Kiswahili kama inavyosemwa Unguja. Cha pili kiliitwa Swahili Tales, mkusanyiko wa hadithi zilizosimuliwa na wenyeji wa Zanzibar, Kiswahili kikiwa ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoukabili.

Katika dibaji ya kitabu hicho alieleza jambo ambalo watafiti wa fasihi simulizi wangali wakilirejea. Aliona kuwa hadithi nyingi za wenyeji zina kiitikio kinachoimbwa na wasikilizaji wote, na kwamba mara nyingi mifupa ya kisa imo katika vipande hivyo vya kuimbwa. Msimulizi huviunganisha kwa maneno anayoyabuni papo hapo.

Kwa maneno mengine, Steere alitambua kuwa hadithi si mali ya mtu mmoja anayesema huku wengine wamekaa kimya. Hadhira nayo ni sehemu ya kisa.

Kima, papa na mwalimu Goso

Kisa maarufu kuliko vyote katika kitabu hicho ni cha kima na papa. Kima aliishi katika mkuyu uliokuwa na matawi juu ya bahari, akawa anamtupia papa matunda. Urafiki ukakua, papa akamwalika rafiki yake nyumbani, akambeba mgongoni.

Walipofika katikati ya maji, papa alimweleza kuwa sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakupiga kelele. Alijibu kwa utulivu kuwa makima huacha mioyo yao mtini wanapotembea, na kwamba ni afadhali warudi wakauchukue. Papa akageuka. Kima aliporukia tawi lake, urafiki ukaishia hapo.

Papa alipomsihi ashuke, kima alimsimulia kisa kingine, cha punda wa dobi. Punda huyo alishawishiwa na sungura kwenda kwa simba mgonjwa, akanusurika, kisha akashawishika kurudi mara ya pili na kuuawa. Sungura akamla moyo na masikio, halafu akamwambia simba kuwa punda yule hakuwa navyo, kwa maana angekuwa navyo asingerudi.

Asili ya visa hivi ni ya mbali. Vinafanana na vile vya Kalila na Dimna, kitabu cha Kiarabu cha karne ya nane chenye mizizi katika Panchatantra ya Bara Hindi. Lakini vilipofika Unguja vilivaa nguo za hapa: mkuyu, papa, kima na dobi mwenye punda wake. Mtoto aliyekulia pwani hakuhitaji kufafanuliwa chochote.

Ndivyo ilivyo pia kwa kisa cha Goso, mwalimu aliyefundisha watoto chini ya mbuyu. Siku moja paa alipanda mtini kuiba mabuyu, buyu moja likamwangukia mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi, wakiwa na uchungu, wakatoka kumtafuta muuaji.

Walianza kuukamata upepo wa kusi, maana ndio unaoangusha mabuyu, wakaupiga. Kusi ukajitetea kuwa kama ungekuwa na nguvu kuliko wote, usingezuiwa na kiambaza. Wakaenda kwa kiambaza, kikamtaja panya anayekitoboa. Panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba inayomfunga, kamba ikakitaja kisu, kisu kikautaja moto, moto ukayataja maji, maji yakamtaja ng'ombe. Mlolongo ukaendelea hadi ulipomfikia paa, naye hakuwa na la kujibu. Kimya chake kikamhukumu.

Watoto hucheka kwa sababu kila mshtakiwa ana mkubwa wake. Wakubwa nao huona kisa kingine ndani ya kisa hicho: namna watu wanavyoweza kuwapiga wasiohusika wote kabla ya kumfikia mwenye kosa.

Si hadithi zote zinazochekesha hadi mwisho. Ile ya Sultani Darai inamhusu maskini aliyeokota punje za mtama jaani, akamnunua paa kwa thumni aliyoiokota hukohuko. Paa akamtajirisha, akamwoza binti wa sultani, akampatia na jumba la fahari. Paa alipougua, bwana wake akaagiza apikiwe uji wa mtama mbovu. Paa akafa kwa huzuni, na yule bwana akajikuta tena anachakura jaani.

Kisa kingine kinasimulia habari za nunda, mla watu. Kijana mdogo aliyedharauliwa na wenzake anatoka kumwinda, na kila mara anarudi na mnyama asiye yeye: mara mbwa, mara punda milia, mara twiga, mara kifaru, mara tembo. Kila mara humwita mama yake kwa wimbo, na mama humjibu kwa wimbo kuwa huyo siye. Ni rahisi kuona jinsi watoto walioketi kumzunguka bibi yao walivyoitikia pamoja, na jinsi walivyojifunza majina ya wanyama bila kujua kuwa wanafundishwa.

Soko lageuzwa kanisa

Steere hakuendelea kukaa Uingereza. Mwaka 1872 alirudi Unguja, mwaka uleule ambao kimbunga kikali kilikipiga kisiwa na kuangusha mikarafuu kwa maelfu. Tozer, ambaye afya yake ilikuwa imezorota, alijiuzulu mwaka 1873.

Juni 5, 1873, Sultani Barghash bin Said, akiwa amebanwa na Uingereza, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa katika himaya yake. Misheni ilipata eneo la soko la Mkunazini, na siku ya Krismasi ya mwaka huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa.

Mwaka 1874 Steere alifanywa askofu katika kanisa la Westminster Abbey, London, miezi michache baada ya Livingstone kuzikwa humo. Aliporejea, alisimamia ujenzi mwenyewe. Paa la kanisa lilijengwa kwa mchanganyiko wa saruji na mawe ya matumbawe yaliyopondwa, likapindwa kama tao bila nguzo ya katikati. Wengi walitabiri kuwa lingeporomoka. Halikuporomoka, na Krismasi ya mwaka 1879 ibada ilifanyika chini yake.

Mwaka 1876 aliongoza msafara wa watu waliokombolewa kutoka utumwani, waliokuwa wakiishi Mbweni, kurudi kusini mwa Tanganyika ya baadaye. Nia ilikuwa kuwafikisha karibu na kwao. Waliweka makazi Masasi, na mji huo umeendelea kuwa kituo muhimu cha Kanisa la Anglikana hadi leo.

Hata hivyo, kwa kipimo cha misheni yenyewe, mji wa Unguja ulimpa Steere mavuno haba. Waswahili na Waarabu wa mjini walikuwa Waislamu wenye wanazuoni wao, na walibaki na dini yao. Waumini wengi wa kanisa lake walitoka miongoni mwa waliokombolewa kutoka katika majahazi.

Hapo ndipo ulipo upekee wa maisha yake. Watu ambao hawakuupokea ujumbe wake walimpokea yeye. Walikaa naye, wakabishana naye, wakamsahihisha matamshi, wakamsimulia hadithi za bibi zao. Alikuja kuwapa kitabu kimoja, na wao wakampa kingine.

Lugha ya mjini, watoto wa Nungwi

Athari za kusikiliza kwake zilifika mbali kuliko alivyoweza kukadiria. Vitabu vyake viliifanya lahaja ya Kiunguja cha mjini ijulikane na kuandikika kwa herufi za Kirumi, wakati ambapo Kiswahili kwa karne nyingi kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu badala ya Kimvita. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuratibu tahajia na vitabu vya shule. Njia hiyo ilikuwa imeshatandikwa na mwongozo na hadithi za mwaka 1870.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo inaonekana vizuri ukitoka Mji Mkongwe kwenda Nungwi, kiasi cha kilomita 60 kaskazini. Kijiji hicho cha wavuvi na mafundi wa majahazi kimo katika eneo la Kitumbatu, lahaja yenye msamiati na maumbo yake ya vitenzi, tofauti na ya mjini. Upande wa kusini wa kisiwa kuna Kimakunduchi, nacho kina njia zake.

Mtoto wa Nungwi anayeijua bahari, papa na upepo wa kusi kuliko mtoto yeyote wa Mkunazini, amelazimika kwa miongo mingi kusoma hadithi za bahari hiyo katika lahaja isiyo ya nyumbani kwao. Kiswahili sanifu kimempa lugha ya kuzungumza na Mtanzania wa Mwanza na Mkenya wa Nairobi. Lakini kile ambacho bibi yake alikisema kwa Kitumbatu hakikuwa na Steere wa kukiweka kitabuni wakati ule.

Hili halikuwa kosa la makusudi la askofu huyo. Aliandika alichosikia mahali alipokuwa, na alikuwa mjini. Ila ni funzo kwamba kinachoandikwa huishi na kutawala, na kisichoandikwa hutegemea pumzi za wazee waliobaki.

Hadithi zasafiri, majina yabaki nyuma

Steere alifariki dunia mjini Unguja akiwa na umri wa miaka 54, siku chache tu baada ya kurudi kutoka safari ya Uingereza. Agano Jipya alilolitafsiri lilichapishwa kwa ukamilifu mwaka uliofuata, 1883. Mwongozo wake wa Kiswahili uliendelea kuchapishwa upya na kurekebishwa na waliomfuata, akiwamo A. C. Madan, kwa miongo mingi.

Hadithi nazo zilianza safari yake. Mwaka 1901 kitabu cha George Bateman kilichotolewa Chicago, Marekani, kiliwaletea watoto wa huko visa vya Zanzibar, kikiwamo cha Goso na cha punda wa dobi. Mwaka huohuo Andrew Lang wa Uingereza aliingiza kisa cha paa na kile cha nunda katika moja ya vitabu vyake vya hadithi za watoto, na mwaka 1910 akaongeza cha moyo wa kima. Watoto wa London wakalala wakisimuliwa mambo ya mkuyu wa pwani ya Uswahilini.

Katika Afrika Mashariki, visa hivyo viliingia katika vitabu vya kusomea vya shule za msingi kwa sura mbalimbali, vikifupishwa na kupambwa kwa picha. Watu wazima wengi wa leo walikutana na kima na papa wakiwa darasani, kabla hawajajua kuandika insha.

Katika safari hiyo ndefu kitu kimoja kilidondoka njiani. Steere aliwataja wasimulizi wake katika dibaji na kueleza nani alimsaidia nini. Waliokuja baada yake walimtaja Steere. Waliofuata hao hawakumtaja hata yeye. Jina la Hamisi wa Kayi halipatikani katika kitabu cha darasa la tatu, ingawa sauti za watu kama yeye ndizo zinazosomwa humo.

Leo mkusanyaji wa hadithi hahitaji mtambo wa kupiga chapa wala safari ya meli ya miezi kadhaa. Simu iliyopo mfukoni mwa kijana wa Nungwi inaweza kurekodi hadithi nzima ya bibi yake pamoja na kiitikio chake, kwa Kitumbatu chake, na kuihifadhi milele pamoja na jina la aliyeisimulia.

Vyombo havikosekani. Kinachohitajika ni kile alichokuwa nacho mwanasheria yule wa London aliyefika Unguja bila kujua neno la Kiswahili: subira ya kuketi chini na kumwacha mwenye hadithi aifikishe mwisho.

Kaburi la Steere lipo mahali ambapo kila mgeni anaweza kuliona. Makaburi ya waliomsimulia hayana alama inayojulikana, lakini maneno yao yangali hai katika kila nyumba ambamo mtoto anacheka kwa sababu kima ameusahau moyo wake mtini.